Mbung'o, Mdudu Aanguaye Yai Ndani ya Tumbo Lake



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya pamba, juu ya mahindi, na juu ya bei ya ng'ombe mnadani. Leo twataka kuzungumza juu ya uzazi wa wanyama, na pengine baadhi yenu mtaulizana, Habari hii itatufaa nini sisi wakulima na wafugaji? Twawaomba mtuvumilie kidogo. Habari yenyewe huanza katika tumbo la mdudu mdogo kuliko nyuki, lakini huishia katika zizi la ng'ombe na katika kitanda cha mgonjwa; na mtu akiisha kuifahamu vizuri atajua kwa nini adui huyu aweza kushindwa.

Mtoto wa shule akiulizwa wanyama huzaliwa kwa njia ngapi, hujibu kwamba njia ni mbili: kuku hutaga mayai, na ng'ombe huzaa ndama. Jawabu hilo ni jema, lakini halijatimia. Iko njia ya tatu iliyo katikati ya hizo mbili. Wako wanyama ambao mama hufanya yai hasa, lenye kiini chake na ngozi yake, lakini hulitunza ndani ya mwili wake mpaka siku zake zitimie. Yai huanguliwa mle mle tumboni, na mtoto hutoka nje yu hai, anakwenda mwenyewe. Atazamaye kwa nje husema, Mnyama huyu amezaa kama mbuzi. Kumbe ndani mlikuwa na yai.

Watu wengi wa huku wamepata kuona jambo hili bila kujua maana yake. Mtu amwuapo kifutu jike, yule nyoka mnene ambaye wengine humwita bafe, na kumpasua tumbo wakati wa mimba, hukuta watoto wengi waliojikunja, kila mmoja katika utando wake mwembamba. Watoto hao hula kiini cha yai hata wakatimia. Kifutu huzaa watoto ishirini, thelathini, hata arobaini kwa mara moja, na pengine zaidi. Nao huzaliwa wana sumu tayari. Basi amwuaye mama asiwadharau watoto wake.

Baharini, baadhi ya papa huzaa kwa njia hii. Katika milima ya Udzungwa, penye maporomoko ya mto Kihansi, mna chura mdogo sana ambaye wataalamu walimjua katika miaka ya 1990. Vyura wengine hutaga mayai majini, na watoto wao huogelea kwanza kama samaki wadogo. Lakini chura wa Kihansi huyaangua mayai tumboni, akazaa vyura wadogo kamili wenye miguu. Maji ya maporomoko yalipopunguzwa kwa kazi ya umeme, kisha ugonjwa ukawaingia, chura hao walitoweka pale kwao. Kama wachache hawakuwa wamekwisha kupelekwa Marekani na kulelewa huko, wangalikwisha kabisa. Mwaka 2012 wengine walirudishwa Kihansi. Haya twayataja ili mjue kwamba uzazi wa namna hii una faida yake na hatari yake: mama huwalinda watoto wake vema, lakini mama akiangamia, huangamia pamoja na alicho nacho tumboni.

Sasa tumgeukie yule tuliyemkusudia leo, naye ni mbung'o.

Mbung'o mnamjua. Ni nzi wa rangi ya kahawia au kijivu, mwenye mkuki mbele ya kinywa, na atuapo hulaza mabawa yake moja juu ya lingine kama makasi yaliyofungwa. Hula damu tu, wala hana chakula kingine, na dume huuma sawasawa na jike. Wengi hudhani kwamba yeye huzaa kama nzi wa nyumbani. Sivyo. Nzi wa nyumbani hutaga mayai yapata mia kwa mara moja, huyaacha katika samadi au takataka, akaenda zake. Mbung'o hatagi kamwe. Yeye hufanya yai moja tu kwa wakati mmoja.

Mambo hufuatana hivi. Jike atokapo ardhini hutafuta damu, na katika siku zake za kwanza hukutana na dume. Mara nyingi hukutana naye mara moja tu katika maisha yake yote, na mbegu za dume huziweka akiba katika vifuko vidogo ndani ya mwili wake. Kisha yai moja hushuka katika mfuko wa uzazi, likapata mbegu kutoka katika akiba ile. Baada ya siku nne hivi yai huanguliwa mle ndani, akatoka buu mdogo mweupe.

Hapo mbung'o humpita hata kifutu. Buu wake hakuridhika na kiini cha yai. Ndani ya mama mna tezi imwagayo maji meupe yenye mafuta, na buu huyanywa mchana na usiku kama ndama anyonyavyo. Kwa hiyo wataalamu huyaita maziwa, na neno hilo ni haki yake. Damu ya ng'ombe wako, ewe mfugaji, ndiyo inayogeuzwa maziwa hayo. Buu hunenepa, hujivua ngozi mara mbili, hata mwisho uzito wake hulingana na uzito wa mama mwenyewe. Fikirini mwanamke wa ratili mia akijifungua mtoto wa ratili mia!

Siku zikitimia, mama hutafuta mahali penye kivuli na udongo tifutifu: chini ya gogo lililoanguka, chini ya jiwe lililoinama, katika shina la mti lenye uwazi, au katika shimo lililochimbwa na mhanga. Pale humzaa buu mmoja. Buu hali kitu tena. Hujizika ardhini mara moja, na kabla saa nyingi hazijapita ngozi yake hukauka ikawa ganda gumu jeusi, mfano wa punje ndogo, lenye vidundu viwili upande mmoja. Hiyo ndiyo pupa. Hukaa ardhini yapata mwezi mmoja, zaidi wakati wa baridi na pungufu wakati wa joto, kisha mbung'o mpya hulivunja ganda, akajisukuma juu mpaka hewani. Jua kali likiuchoma udongo ule, au maji yakisimama juu yake, hufa humo humo.

Sasa walimu wachukue chaki, tufanye hesabu. Jike huzaa mtoto wake wa kwanza akiwa na umri wa siku kama 20, na baada ya hapo huzaa mmoja kila siku 9 au 10. Tumchukue jike aishiye siku 60, tukisema huzaa kila siku 10. Atazaa siku ya 20, ya 30, ya 40, ya 50 na ya 60. Jumla ni watoto 5. Kati yao karibu nusu ni madume, na wengine huliwa na siafu na ndege au hufia ardhini. Kwa hiyo jike aliyeishi umri mwema, akafanya kazi yake yote bila kosa, hubakiza majike wawili hivi wa kushika mahali pake. Na yule auawaye kabla ya siku ya 20 hakuacha hata mmoja.

Lishikeni neno hilo, maana ndilo shina la mazungumzo yetu. Ukiua mbu mia jioni moja, kesho hutaona tofauti, kwa kuwa mbu mmoja hutaga mamia ya mayai. Lakini mbung'o hana akiba ya mayai mahali popote. Wataalamu wamepiga hesabu wakaona kwamba, mahali ambapo mbung'o wengine hawawezi kuingia kutoka nje, wakiuawa majike 4 tu kwa kila 100 kila siku, zaidi ya wale wafao kwa kawaida, basi baada ya muda kundi lote litakwisha. Adui huyu, aliyezuia ng'ombe kukaa katika nchi kubwa kiasi hiki, uzazi wake ni dhaifu kuliko wa panya.

Mtu atauliza: Kama ni dhaifu hivyo, mbona ametushinda miaka mingi? Jawabu ni katika historia ya nchi yetu hii hii ya Shinyanga na Geita.

Yapata mwaka 1891 sotoka iliingia katika nchi yetu, ikaua ng'ombe karibu wote, na wanyama wengi wa porini pia. Njaa ikafuata, na ndui. Watu wakapungua, mashamba yakaachwa, na vichaka vikaota pale palipokuwa malisho. Wanyama wa porini waliporudi na kuongezeka, mbung'o waliwafuata wakapata damu ya kula na kivuli cha kuzalia. Hivyo mbung'o hakushinda kwa wingi wa uzazi; alishinda kwa kuwa sisi tulimpa nyumba, tukamwachia siku zake 20 bila kumsumbua.

Ubaya wake hatukuujua vema hapo kwanza. Bwana David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyeonyesha, kule Zululand katika miaka ya 1890, kwamba mbung'o hubeba vijidudu visivyoonekana kwa macho, akavipeleka kutoka mnyama hadi mnyama, na ugonjwa ule wa ng'ombe huitwa nagana. Baadaye ikajulikana kwamba vijidudu vya jamaa hiyo ndivyo vinavyoleta malale kwa watu. Katika Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, malale iliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa. Mwaka 1922 iligunduliwa upande wetu, katika Maswa.

Wakati huo ndipo Shinyanga ilipopata jina duniani. Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa porini ya Tanganyika tangu mwaka 1919, alikuja hapa akafanya kazi pamoja na watemi na watu wao. Wakati wa kiangazi watu walitoka kwa maelfu na mashoka na mapanga wakafyeka vichaka, na moto wa nyika ukazuiwa hadi mwisho wa kiangazi ili uwake kwa nguvu. Mwaka 1929 Bwana huyo aliwekwa kuwa mkuu wa idara ya utafiti wa mbung'o, na makao yake yakawa Old Shinyanga. Kitabu chake juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1936, naye alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege. Aina moja ya mbung'o wa nchi hizi ina jina lake mpaka leo.

Upande wa Uzinza, Geita na Biharamulo njia ilikuwa nyingine. Huko misitu ya miombo ni mikubwa mno kufyekwa yote. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu waliotawanyika, ikawakusanya mahali pamoja ili mashamba yao yashikane na kivuli kiondoke. Wengi waliacha makaburi ya wazee wao na miti yao ya matunda, nao hawakuulizwa kama wapenda. Baada ya hapo, katika Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, sehemu nyingine za Geita zilifyekwa, na Wasukuma wengi wakavuka kwenda kulima huko.

Kazi hiyo ilifaa. Nyika iliyokuwa ya mbung'o ikawa malisho. Lakini haki yatutaka tuseme na gharama yake. Katika Shinyanga, tangu mwaka 1945, maelfu ya wanyama wa porini walipigwa risasi katika jaribio la kumnyima mbung'o damu. Miti ilikatwa bila kuchagua, na mahali pengi haikuachwa iote tena, kwa kuwa mashamba ya pamba yalifuata, na mifugo ikazidi. Udongo ukachukuliwa na maji na upepo, kuni zikawa mbali, na wanawake wakatembea saa nyingi kutafuta mzigo mmoja. Mambo yalikuwa mabaya hata mwaka 1986 Serikali ikaanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wengi huijua kwa jina la HASHI. Kazi hiyo ilirudisha desturi ya zamani ya Wasukuma ya kufunga ngitili, yaani malisho yatunzwayo wakati wa mvua ili yafae wakati wa kiangazi, na miti ikarudi katika maelfu mengi ya hekta.

Hapo ndipo swali letu la leo lilipo. Babu zetu walimshinda mbung'o kwa kuondoa miti. Wajukuu wao wamerudisha miti, nao wamefanya vema. Je, tumemrudishia mbung'o nyumba yake? Na tukimwogopa, turudi kushika mashoka?

Sisi twasema, hapana. Haina haja ya kuangamiza msitu wote ili kumshinda mdudu azaaye mmoja mmoja. Yatosha kumwua jike kabla siku zake 20 hazijatimia, na kuendelea hivyo bila kuchoka. Kazi hiyo sasa ina njia nyepesi kuliko shoka.

Njia ya kwanza ni kitambaa. Imeonekana kwamba mbung'o huvutwa sana na rangi ya buluu na rangi nyeusi. Kitambaa cha rangi hizo, kilichotiwa dawa ya kuua wadudu na kusimamishwa juu ya miti midogo kando ya njia ya mifugo na penye maji, humwita mbung'o. Akikigusa tu, hufa. Mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa, ukiwekwa karibu yake ndani ya chupa, huwavuta wengi zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu aingiaye porini asivae nguo za buluu wala nyeusi. Avae khaki au rangi nyingine iliyofifia, na mikono iwe mirefu.

Njia ya pili ni ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe akiogeshwa au kupakwa dawa inayofaa, mbung'o atuaye juu yake hupata mauti badala ya chakula. Mbung'o hupenda kuuma miguuni na tumboni, na ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Kwa hiyo hata dawa kidogo ikipakwa sehemu hizo za ng'ombe wakubwa hufanya kazi kubwa kwa bei ndogo. Lakini mfugaji amwulize bwana mifugo dawa gani na kipimo gani, maana si kila dawa ya kupe huua mbung'o, na dawa iliyozidi ni hasara.

Njia ya tatu ni ya ajabu zaidi, nayo imepata kufaulu katika nchi yetu. Kule Unguja palikuwa na aina moja ya mbung'o. Kwanza walipunguzwa kwa vitambaa na kwa dawa juu ya mifugo. Kisha katika chuo cha utafiti wa mbung'o kilichoko Tanga wakafugwa mbung'o wengi, madume wakapigwa mionzi isiyowaua ila huzifanya mbegu zao zisizalishe. Kuanzia mwaka 1994 madume hao walimwagwa kwa ndege kila juma, kwa mamilioni. Mtakumbuka tulisema jike hukutana na dume mara moja tu, akaweka akiba. Jike wa Unguja aliyekutana na dume wa namna hiyo aliweka akiba ya bure, na yai lake halikuanguliwa tena maisha yake yote. Mbung'o wa mwisho alionekana mwaka 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa imetakasika. Kazi hiyo ilifanywa na Serikali pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.

Lakini msidanganyike. Unguja ni kisiwa. Maji yaliwazuia mbung'o wengine kuingia. Huku kwetu hakuna bahari. Iko misitu ya Kigosi na Moyowosi, iko hifadhi ya Burigi-Chato, na hata kisiwa cha Rubondo kina mbung'o wake. Kijiji kimoja kikisimamisha vitambaa, na kijiji jirani kikakaa bure, mbung'o wa jirani watakuja kujaza pengo. Kwa hiyo kazi hii yataka vijiji vipatane, kama walivyopatana watemi wa zamani, ila safari hii kwa hiari na kwa mkutano, na bila kumhamisha mtu.

Sasa twasema na watu wa Geita hasa. Nchi yenu ni ya dhahabu. Kijana akisikia kwamba mahali fulani porini pameonekana mwamba mwema, huchukua sururu na karai, akaondoka usiku. Wengine huingia msituni kutafuta mbao, mkaa na asali, na wengine hupeleka ng'ombe wakati wa kiangazi majani yaishapo nyumbani. Watu hao wote huingia katika nyumba ya mbung'o, tena hukaa humo siku nyingi. Ng'ombe atokaye huko akiwa na nagana hukonda ijapokuwa anakula, manyoya yake husimama, macho yake hutoka maji, na mwenye mimba huitupa. Akiletwa katika kundi penye mbung'o, kundi zima li hatarini. Basi mfugaji arudiye kutoka msituni awaonyeshe ng'ombe wake kwa bwana mifugo kabla ya kuwachanganya na wengine.

Na habari ya mtu ni nzito zaidi. Wagonjwa wa malale wamepungua sana katika nchi yetu, nasi twamshukuru Mungu. Lakini uchache huo una hatari yake, maana watu wamesahau dalili. Malale ya upande wetu huenda kwa haraka. Mtu hupata homa, kichwa humwuma, viungo humwuma, na pengine pale alipoumwa na mbung'o hufanya uvimbe mwekundu wenye maumivu. Hudhani ni malaria, hunywa dawa ya malaria, hupata nafuu ya siku mbili, homa ikarudi. Baada ya majuma au miezi vijidudu huingia ubongoni. Hapo mgonjwa hulala mchana akakesha usiku, maneno yake huchanganyika, na jamaa husema amerogwa. Asipotibiwa hufa, mara nyingi kabla ya mwaka kwisha.

Kwa hiyo twawasihi: mtu aliyeingia misitu hiyo, akapata homa isiyosikia dawa ya malaria, aende hospitali mara moja, na amwambie mganga waziwazi, Mimi nilikuwa porini, niliumwa na mbung'o. Asifiche hata kama alikwenda mahali palipokatazwa. Mganga hamtafuti mhalifu, hutafuta vijidudu. Neno hilo moja laweza kumfanya mganga atazame damu kwa hadubini kwa nia nyingine, na vijidudu vya malale vikatafutwa. Dawa ipo. Zamani zilikuwa za sindano tu, na ile ya malale iliyokwisha kuingia ubongoni ilikuwa kali hata yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kutumia dawa ya vidonge hata kwa malale ya upande wetu. Lakini dawa yoyote hufaa zaidi mgonjwa ajapo mapema.

Walimu, twawapa kazi ndogo. Wakati wa kiangazi, mahali penye mbung'o kando ya kijiji, mwende na mtu mzima mmoja ajuaye njia, mkachekeche udongo ulio chini ya gogo la kivulini. Mkipata punje nyeusi zenye vidundu viwili, zitieni ndani ya chupa, mfunike kwa kitambaa, mkaziweke darasani. Kila punje ni mtoto mmoja aliyebebwa na mama mmoja kwa siku tisa. Watoto wahesabu siku mpaka mbung'o atoke, wamwue humo ndani ya chupa, kisha wakawaeleze wazazi wao waliyoyaona. Mtoto aliyeona kwa macho yake hatamwamini tena mtu asemaye kwamba mbung'o hutoka katika umande au katika mavi ya nyati.

Wahenga walisema, Haba na haba hujaza kibaba. Mbung'o ameishika methali hiyo kuliko sisi. Yeye huzaa mmoja, akapumzika, akazaa mwingine, na kwa njia hiyo alijaza nchi kutoka Shinyanga hata Biharamulo. Nasi tumwondoe kwa methali ile ile: kitambaa kimoja kisimame, ng'ombe mmoja apakwe dawa, mgonjwa mmoja apelekwe mapema, na tusiache katikati. Kila jike afaye leo kabla ya kuzaa ni hasara ambayo kundi lake haliwezi kuilipa upesi.

Hapa twaishia. Atakayekuwa na swali amwulize bwana mifugo au mganga wa kata yake.